Kwa Nini Watoto wa Shule Yetu Husema "Bado"

Palikuwa na wakati, wajukuu zangu, ambapo neno "bado" lilikuwa halijawahi kusikika mstarini katika shule hii. Leo mnalisema hata mkiwa darasa la kwanza, tena mnalisema shingo zimenyooka, na wageni wanaotoka wilayani wanashangaa. Wanauliza, hawa watoto wa huku milimani Umatengo nani kawafundisha? Mwalimu mkuu ameniomba niwaeleze, kwa kuwa mimi Gaudensia Kinunda nilipika katika jiko la shule hii miaka thelathini na minne, na walimu waliokuwapo siku ile wamestaafu wakahama, wengine wametangulia mbele ya haki. Wa nyuma sogeeni. Sipendi kupaza sauti.

Wakati huo shule ilikuwa na vyumba vinne, viwili vya bati na viwili vya nyasi, na mkuu wa shule alikuwa Mwalimu Otmar Komba. Alikuwa mtu wa haki, mrefu, mwenye sauti ya kuitia ng'ombe ng'ambo ya bonde. Ugomvi hakuutaka hata kidogo. Watoto wawili wakigombana, asubuhi yake waliitwa mbele ya wenzao. Aliyekosa alisema, "Nisamehe." Aliyekosewa alisema, "Nimekusamehe." Wakapeana mikono, shule nzima ikapiga makofi matatu, na fimbo iliyokuwa kwapani mwa mwalimu ikabaki kwapani. Kazi ilichukua dakika moja. Wazazi walimsifu, wakasema shule yetu haina ugomvi.

Lakini mimi nilikuwa jikoni, na jikoni mtu huona mengi. Niliwaona waliopeana mikono asubuhi wakimwagiana uji saa nne. Niliona miche ya maharage ya mtoto fulani imekanyagwa, daftari la mwingine limetumbukizwa kwenye pipa la maji. Kila mmoja alikuwa amesamehe kwa mdomo, na hakuna aliyeweza kusema kwamba bado anaumia, maana ameshasema mbele ya watu kwamba yamekwisha. Tulikuwa shule ya mikono iliyoshikana na mioyo iliyokunja ngumi.

Basi katika darasa la sita walikuwapo wasichana wawili, Kandida Nchimbi na Filotea Ndimbo. Walitoka kitongoji kimoja, chini kule kwenye mto, na walipanda mlima pamoja kila siku tangu wakiwa wadogo. Kandida alikuwa kiranja, msichana mkimya, wa kwanza darasani. Filotea alikuwa mcheshi, mwenye maneno. Yule alimsaidia huyu hesabu, huyu alimchekesha yule akiwa na huzuni. Na huzuni Kandida alikuwa nayo. Mama yake alikuwa ameondoka tangu mwaka uliotangulia, na watu wote waliambiwa kwamba yuko mjini anauza vitenge. Kandida aliishi na shangazi yake. Kandida alimweleza ukweli mtu mmoja tu, naye ni Filotea. Walikuwa njiani wakipumzika, akamwambia kwamba mama yake aliugua akili, akawa anaongea na ukuta, anatoka nje bila nguo, mpaka wajomba wakampeleka hospitali ya mbali anakotibiwa. Filotea aliapa kwamba maneno hayo yatafia kifuani mwake.

Yalikaa kifuani mwake miezi mitano.

Ilikuwa Alhamisi, mwezi wa tatu, siku ya kilimo. Mnajua kilimo chetu cha ngolo, nyasi hufyekwa, zikalazwa miraba miraba, kisha udongo wa katikati ukachimbwa na kufukiwa juu yake, shimo likabaki la kuhifadhi maji. Nyasi zikilazwa ovyo, tuta hubomoka mvua ya kwanza. Filotea alikuwa amelaza zake ovyo, kwa kuwa alikuwa akisimulia vichekesho. Kandida, kiranja, akapita, akatazama, akamwambia mbele ya wenzake azitoe aanze upya. Alisema kwa upole, lakini watoto wakacheka. Filotea hakuwa amezoea kuchekwa. Alikuwa amezoea kuchekesha. Uso ukamwiva. Akainua jembe, akasema kwa sauti iliyofika hadi nilipokuwa nimesimama na ndoo ya uji:

"Wewe wa kunifundisha mimi? Kamfundishe mama yako! Hayuko mjini wala hauzi vitenge. Yuko hospitali ya vichaa, ulinieleza mwenyewe!"

 Kisha mtu mmoja akacheka, na kicheko, mnajua, kikipata wa kwanza hakikosi wa pili. Shamba zima likacheka. Nami pia nilicheka, wanangu. Nilikuwa binti wa miaka ishirini na mbili, sikuwa na akili ya kutosha. Nawaambia ili mjue kwamba ninayewasimulia sikuwa nje ya kosa.

Kandida hakulia. Alirudi kwenye shimo lake, akamaliza kufukia nyasi zake, akapangusa jembe, akaliegemeza kwenye jiwe, akashuka mlima peke yake. Ijumaa watoto walikuwa wameshatunga wimbo kuhusu mama anayeongea na ukuta. Waliuimba wakichota maji, waliuimba wakifagia. Jumatatu Kandida alikuja shuleni hakunywa uji. Jumanne hakunywa. Alikaa darasani macho ubaoni, na alipoulizwa swali, yeye aliyekuwa wa kwanza kunyoosha mkono, alisema hajui.

Jumatano Mwalimu Komba akapata habari, akawaita wote wawili mstarini. Filotea alisimama ameinamisha kichwa. Akasema haraka, kama tulivyozoea, "Nisamehe."

"Kandida," mwalimu akasema, "mwambie mwenzako umemsamehe."

Kandida akaitazama bendera. Halafu akasema, "Bado."

Niliangusha mwiko. Walimu walitazamana. Mwalimu Komba akadhani hakusikia vizuri, akamwambia arudie. Fimbo ilikuwa imeshatoka kwapani.

"Bado, mwalimu," Kandida akasema.  "Nikisema nimemsamehe, nitakuwa nimesema uongo mbele ya bendera. Ukinichapa nitalisema. Lakini litakuwa la fimbo, halitakuwa langu."

Wajukuu zangu, nimewaona watu wazima wengi wakiambiwa ukweli na mtoto. Wengi hupiga. Mwalimu Komba aliishika ile fimbo kwa mikono miwili, akamtazama Kandida, akatutazama sisi, na nadhani siku ile alikumbuka makofi yote matatu matatu aliyoyapiga miaka yote. Akaivunja? Hapana, watu husimulia hivyo ili kupamba. Aliirudisha kwapani. Akasema, "Basi Ijumaa nitakuuliza tena." Akawaruhusu waingie madarasani.

Ijumaa ikafika. Alimwuliza, "Umefika, Kandida?" Sijui kwa nini alichagua neno hilo. Labda kwa kuwa sote tunapanda mlima kuja hapa, na hakuna anayemlaumu mtu kwa kuwa yuko katikati ya mteremko, mradi anatembea.

"Bado."

"Nini kinakuzuia?"

"Bado wananiimba."

Mwalimu akageuka akatuuliza ni nani wanaoimba.  Akasema hatachapa mtu. Akasubiri. Jua likapanda, kengele ya kipindi cha kwanza ikalia, naye amesimama tu. Mwishowe mvulana mmoja wa darasa la saba akatoka, kisha wawili, kisha karibu nusu ya shule. Nami nikavua kanga ya kujifunga jikoni, nikatoka nikasimama pamoja nao, nikiwa mtu mzima mwenye mshahara. Kila mmoja akamwambia Kandida kosa lake kwa kinywa chake. Zamu yangu ilipofika nilisema, "Nilicheka siku ile shambani. Niliona aibu nikanyamaza." Akaniambia, "Wewe dada nilishakusamehe. Ulikuwa unaniwekea uji hata nisipokuja kunywa."

Wimbo ukafa siku hiyo. Kandida akaanza kunywa uji. Lakini kuhusu Filotea, Ijumaa ya pili alisema bado, na ya tatu akasema bado. Mwalimu alipouliza nini kimebaki, alijibu kwamba hajui, ila akimwona Filotea tumbo linakaza kama ameshikwa na baridi. Mwalimu akasema, "Ahsante kwa kutueleza." Basi. Hakuongeza neno. Na hapo nikaona jambo la ajabu. Watoto wengine wenye ugomvi wao wa siri wakaanza kwenda kwake wenyewe, wakamwambia, mwalimu, mimi pia mwaka jana nilisema nimesamehe lakini bado. Akawa anawasikiliza wawili wawili chini ya ukingo wa bati la ofisi, na miche ya maharage ikaacha kukanyagwa.

Sasa upepo ukageuka ukamwendea Filotea. Watoto ni watoto. Waliomchekea jana walimkimbia leo. Walimwita redio. Hakuna aliyetaka kukaa naye dawati moja, na ukimya wake ulikuwa wa kutisha, maana yule alikuwa mtoto wa maneno. Akakonda. Akawa anapanda mlima nyuma ya wenzake wote. Siku moja wasichana watatu walimzingira kisimani, wakamwaga maji yake, wakaanza kumtungia wimbo. Kandida alikuwa hapo anachota. Akatua ndoo yake.

"Mwacheni," akasema. "Aliyekosewa ni mimi, sijamtuma mtu. Mkimwimba yeye mtakuwa mmerudia yaleyale."

Wakamwacha. Filotea akamtazama kwa matumaini, lakini Kandida akajitwisha ndoo akaondoka bila kumsemesha.

Ijumaa ya sita Kandida aliomba ruhusa aulize swali badala ya kuulizwa. Akamgeukia Filotea, akamwuliza, "Kwa nini ulisema? Nataka kujua tu."

Filotea aliinua macho akamtazama.  Akasema, "Nilikuonea wivu. Mama yako anaumwa, yuko mbali, na wewe bado ni wa kwanza. Mimi mama yangu yuko nyumbani na kila jioni ananiuliza kwa nini siko kama Kandida. Siku ile uliponikosoa nilimsikia yeye." Kisha akaanza kulia, kwikwi za mtoto mdogo. "Nilitaka wakuone hata wewe huna kitu. Nilipokwisha sema nilitamani udongo unifukie pamoja na nyasi."

Kandida akasema, "Sikujua hayo ya mama yako." Mwalimu akauliza, umefika? Akasema, "Bado. Lakini nimesogea."

Wiki mbili baadaye mama yake Kandida akarudi. Alikuwa amepata nafuu, madaktari wamemruhusu. Basi lilimshusha sokoni siku ya gulio, watu wamejaa. Kandida na shangazi yake walikwenda kumpokea. Mama alikuwa amevimba kidogo kwa dawa, anatembea polepole, amebeba furushi. Na soko likafanya kama lilivyofanya shamba, ila bila kicheko. Wauza nyanya wakageuza nyuso. Mama mmoja akamvuta mwanawe nyuma ya gunia. Njia ikafunguka mbele yao, pana, lakini haikuwa ya heshima, wajukuu zangu, ilikuwa ya woga. Mama yake Kandida akasimama katikati. Akasema, "Tungoje watu wapungue."

Ndipo Filotea akatoka kwenye banda la mama yake, alikokuwa akipanga dagaa. Mama yake alimwita, hakugeuka. Alipita ile njia tupu mpaka kwa mgonjwa, akapiga goti, akasema, "Shikamoo, mama. Karibu nyumbani." Akalichukua furushi akajitwisha. Akatangulia. Soko zima likatazama mtoto wa Ndimbo amebeba furushi la mama aliyekuwa hospitali. Akina mama wawili wakaona aibu, wakasogea wakatoa salamu. Wakafuata wengine. Mpaka wanafika mtoni walikuwa watu kumi na zaidi wakiongozana nao. Mimi nilikuwa mmoja wao, na njia nzima nilikuwa nikijisemea, hawa ni watoto wa shule yetu.

Hapo kila mtu akajua mambo yamekwisha. Ijumaa iliyofuata, ambayo ilikuwa ya tisa, wazazi walikuja mstarini kutazama. Walimu walivaa vizuri. Mimi nilikuwa nimeongeza sukari kwenye uji. Mwalimu Komba akauliza kwa furaha, "Kandida, umefika?"

Kandida akatazama wale watu wote. Akamtazama Filotea. Machozi yakamtoka. Akasema, "Bado."

Minong'ono ikapita. Mzazi mmoja akasema kwa sauti kwamba mtoto huyu ana moyo wa jiwe. Mwalimu akainua mkono wa kumnyamazisha, lakini aliyejibu alikuwa Filotea. "Msimseme," alisema. "Furushi nililibeba kwa kuwa mama alikuwa amechoka. Sikulibeba ili anilipe. Nitasubiri."

Kama mnaniuliza ni siku gani shule hii ilizaliwa, nitawaambia ni hiyo, wala si ile iliyoandikwa kwenye jiwe la msingi. Mtoto mmoja alikataa kudanganya hata alipotamani kuwafurahisha watu wote, na mwingine alikubali kungoja hata alipokuwa ameshatenda mema. Wazazi waliondoka wameinamisha vichwa. Yule mama muuza dagaa alibaki hadi mwisho. Alimshika binti yake bega, wakashuka pamoja.

Ijumaa ya kumi, bado. Ijumaa ya kumi na moja ilikuwa ya mvua. Tulisimama barazani tumebanana, hapakuwa na mgeni, uji ulikuwa mwepesi kwa kuwa unga ulikuwa unaelekea kwisha. Mwalimu akauliza kwa desturi tu. Kandida akasema, "Nimefika."

Mwalimu akauliza, umefikaje?

"Sijui, mwalimu. Leo asubuhi nimempita Filotea njiani, ameteleza kwenye matope, ameanguka na madaftari yake. Nikacheka. Naye akacheka. Tumefika darasani ndipo nikakumbuka kwamba nilikuwa namkasirikia. Nikapapasa tumbo, halijakaza." Akamgeukia rafiki yake. "Filotea, nimekusamehe. Siri sitakupa tena, si sasa. Lakini nimekusamehe."

"Sawa," Filotea akasema. "Hata mimi nisingejipa."

Hakuna aliyepiga makofi matatu. Watoto walipiga kelele, wakarusha kofia, wengine wakatoka kwenye mvua wakarukaruka. Mwalimu Komba akaingia ofisini, akakaa huko kitambo, na alipotoka macho yake yalikuwa mekundu na kwapani hapakuwa na kitu.

Wale wawili hawakurudi kuwa kama kidole na ukucha, nisiwadanganye. Walipanda mlima pamoja mpaka wakamaliza la saba, wakafaulu wote. Kandida leo ni mwenyekiti wa kitongoji kile cha mtoni, mnamjua. Filotea aliolewa Tunduru, na akija likizo hufikia kwa mama yake Kandida, ambaye bado yu hai na anaendelea na dawa zake, na hakuna mtoto wa kata hii anayemcheka.

Na tangu Ijumaa ile, katika shule hii hakuna anayelazimishwa kusamehe. Aliyekosa hueleza kosa lake kwa kinywa chake, aliyekosewa huulizwa kama amefika, na akisema bado, aliyekosa hujibu, nitasubiri. Hakuna anayecheka. Hakuna anayeachwa bila kuulizwa Ijumaa inayofuata. Walimu wa shule nyingine wamekuja kutazama, wakaandika kwenye madaftari, wakaenda kujaribu kwao. Nasi hatukuchukua desturi hii kwa mtu, wajukuu zangu. Imetoka hapa, kwa mtoto wa darasa la sita.

Wiki iliyopita nilipita kusalimia jiko. Mwalimu Mkuu wenu huyu aliyeketi hapa, Mwalimu Ngonyani, alikuwa amemwadhibu Osmunda wa darasa la pili kwa dirisha lililovunjwa na mbuzi. Alipojua ukweli alimwita mstarini, mwalimu mzima na miwani yake, akachuchumaa ili macho yao yalingane, akamwambia, "Nilikukosea, sikukusikiliza. Umefika?"

Osmunda akafikiri. Akavuta kamasi. "Bado, mwalimu."

Watoto mia sita wakatulia. Na mwalimu mkuu akasema, "Nitasubiri."

Hiyo ndiyo shule yenu. Tembeeni nayo vifua mbele.